Mali bila daftari: gari la mlezi na mtoza kodi

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya juma yaliyosikika redioni.

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, tena la kuchosha: gari la mama anayelea watoto wa watu nyumbani kwake huko Uingereza, na namna anavyotakiwa kulieleza gari hilo mbele ya mtoza kodi. Najua baadhi yenu mmekwisha nyoosha mkono kuzima redio. Ngojeni kidogo. Wengi wetu tuna dada, shangazi, binamu au jirani wa zamani aliyehamia London, Reading, Leicester au Birmingham, na miongoni mwao wako wanaoishi kwa kazi hii. Fedha anazotuma mama huyo kulipia karo na matibabu huku nyumbani ni zile zinazobaki baada ya mtoza kodi kuchukua chake. Akichukuliwa zaidi ya haki, pengo linaonekana hadi Temeke na Kisauni.

Kazi yenyewe ni hii. Mama, na mara chache baba, anaandikishwa rasmi kuwa mlezi wa watoto. Katika England idara inayohusika ni ile ya ukaguzi wa elimu, iitwayo Ofsted. Wazazi wanaokwenda kazini humletea watoto asubuhi na kuwafuata jioni. Kwa kawaida sheria inamruhusu kulea watoto wasiozidi 6 walio chini ya miaka 8, na kati yao wale wadogo wasiofikia umri wa shule wasizidi 3. Watoto wake mwenyewe wamo katika hesabu hiyo. Wazazi humlipa kwa saa au kwa siku. Hana mwajiri, hana hati ya mshahara, wala hana karani wa kumkata kodi kabla fedha hazijamfikia. Yeye ndiye mfanyakazi, yeye ndiye meneja, na usiku watoto wakishaondoka yeye ndiye mhasibu.

Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza Aprili 6 na kwisha Aprili 5 ya mwaka unaofuata. Baada ya hapo mlezi hujaza fomu yake na kuituma kwa Mamlaka ya Kodi na Forodha, inayojulikana kwa herufi HMRC. Anayeituma kwa kompyuta ana muda hadi Januari 31. Akichelewa hata siku moja hutozwa faini ya pauni 100, hata kama hadaiwi kodi yoyote.

Hapa pana neno moja ambalo kila aliyejiajiri hana budi kulielewa vizuri, nalo ni faida. Kodi haitozwi kwa fedha zote alizopokea. Hutozwa kwa faida, yaani mapato baada ya kutoa gharama za kazi. Katika mwaka wa kodi ulioishia Aprili 5, 2025, pauni 12,570 za kwanza za mapato hazikutozwa kodi ya mapato. Zilizozidi hapo, hadi pauni 50,270, zilitozwa asilimia 20, isipokuwa Scotland ambako kuna viwango vyao. Juu yake kuna mchango wa bima ya taifa kwa waliojiajiri, ambao mwaka huo ulikuwa asilimia 6. Jumlisha: peni 26 katika kila pauni ya faida. Maana yake ni nyepesi. Kila pauni ya gharama halali ambayo mlezi wa kiwango hicho ameisahau, amejinyang'anya mwenyewe peni 26.

Maziwa, rangi za kuchorea, karatasi, sabuni na midoli ya watoto havina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye gari. Midoli ni midoli, lakini gari lina mabwana wawili. Asubuhi linawapeleka watoto wa watu shuleni, mchana linakwenda sokoni kununua chakula cha familia, Jumamosi liko arusini. Je, ni gari la kazi au ni gari la nyumbani?

Kwa swali hilo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenye hofu. Hawa husema, "Mimi gari sidai chochote, nisije nikaandamwa." Kundi la pili ni la wenye tamaa au wenye kudanganywa na maneno ya barazani. Hawa husema, "Gari linabeba watoto wa kazi, basi petroli yote, bima yote na matengenezo yote ni gharama za kazi." Wote wawili wanakosea, na kila mmoja analipia kosa lake. Wa kwanza analipa kodi asiyodaiwa. Wa pili anajenga deni ambalo siku moja litakuja na riba na faini.

Sheria inasemaje? Kanuni ya Uingereza, ambayo leo imo katika sheria ya kodi ya mwaka 2005, ni kwamba gharama haikubaliwi isipokuwa imetumika yote kabisa, na kwa ajili ya biashara peke yake. Angalieni kwamba kanuni haiulizi gari ni la nani, wala halikupakwa jina la biashara. Inauliza kusudi. Kwa hiyo gari halihukumiwi zima zima. Kila safari huhukumiwa peke yake. Na ili kujua safari ni ya kazi, kwanza sharti tujue kazi inaanzia wapi.

Mahakama za Uingereza zililijibu swali hilo kwa kesi mbili ambazo hutajwa hadi leo. Mwaka 1952 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la wakili mmoja aliyeishi Whipsnade, nje ya London, na ofisi yake ikiwa Lincoln's Inn mjini London. Nyumbani alikuwa na vitabu vyake vya sheria, na jioni alisoma majalada ya wateja. Akadai nauli ya kwenda na kurudi. Majaji wakakataa. Makao ya kazi yake yalikuwa London, wakasema, na kuishi mbali ni hiari yake mwenyewe. Kesi ya pili ni ya mwaka 1971. Safari hii mdai alikuwa fundi mwashi aliyeishi Eastbourne, akitoka nyumbani na gari lake kwenda kwenye nyumba zinazojengwa, leo hapa na kesho pale. Huyu alikubaliwa. Hakuwa na kituo kingine cha kazi. Nyumbani kwake ndiko alikoweka vifaa na hesabu zake, na ndiko kazi zake zote zilikoanzia. Wakili akashindwa, mwashi akashinda.

Mlezi wetu amesimama upande wa mwashi, tena kwa hoja yenye nguvu zaidi. Mwashi aliweka nyumbani sururu na mwiko. Mlezi kazi yenyewe anaifanyia sebuleni. Nyumba yake ndiyo karakana yake. Kwa hiyo anapotoka mlangoni kuwapeleka watoto wa wateja shuleni, haendi kazini. Yuko kazini tayari.

Lakini tahadhari. Haya hayamhusu yaya aliyeajiriwa na wazazi kulea mtoto katika nyumba yao. Huyo ni mwajiriwa, na safari yake ya kutoka kwake hadi kwa mwajiri ni safari ya kwenda kazini kama ya karani yeyote. Wala hayamhusu moja kwa moja mlezi aliyekodi ukumbi na kulea watoto huko kila siku. Makao ya kazi yake yamehamia ukumbini, na njia ya kutoka nyumbani hadi ukumbini itamtia katika kundi la yule wakili wa Whipsnade.

Sasa tuchukue safari moja moja. Kuwapeleka watoto wa wateja shuleni na kuwafuata, ni safari ya kazi. Kumfuata mtoto kwao kwa sababu mzazi anaanza zamu alfajiri, ni ya kazi. Kuwapeleka watoto maktaba, bustanini au kwenye kikundi cha michezo, ni ya kazi. Kwenda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ambayo mlezi anatakiwa kuwa nayo, ni ya kazi. Kwenda dukani kununua maziwa na karatasi za watoto tu, ni ya kazi pia. Lakini akifika dukani akajaza kigari, nusu maziwa ya watoto wa kazi na nusu unga na mafuta ya nyumbani kwake, safari hiyo sasa ina makusudi mawili. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Katika sheria hii, humponyoka yote.

Ukali huo wa sheria ulionekana waziwazi mwaka 1983, katika shauri la wakili mwanamke aitwaye Ann Mallalieu. Alidai gharama za nguo nyeusi alizovaa mahakamani, akasema wazi kwamba nje ya mahakama asingezivaa. Shauri lilifika hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho. Akashindwa. Walisema kwamba hata kama akilini mwake alifikiria mahakama tu, binadamu anavaa pia apate joto na stara. Katika hukumu hiyo hiyo, hata hivyo, ulitolewa mfano unaofaa sana kwa mlezi wetu. Daktari ana rafiki kusini mwa Ufaransa, na rafiki huyo ni mgonjwa wake. Daktari anapanda ndege kwenda kumtibu na kulala kwake juma zima. Je, nauli ni gharama ya kazi? Jibu linategemea kusudi. Kama alikwenda kutibu tu, raha ya kumwona rafiki ni jambo lililojitokeza njiani, na haliharibu kitu. Kama alikwenda kutibu na kustarehe, nauli haikubaliwi.

Nimeueleza mfano huo kwa sababu ndani yake mna jibu la swali linalowasumbua walezi wengi kuliko yote: mtoto wangu mwenyewe akiwamo garini, inakuwaje?

Tuseme Mama Fulani ana mtoto wa miaka miwili. Asubuhi anawapeleka watoto watatu wa wateja shuleni, na huyu mdogo wake anafungwa kitini nyuma kwa sababu hawezi kuachwa peke yake nyumbani. Mdogo hana shughuli yoyote huko shuleni. Kusudi la safari ni moja tu, watoto wa wateja. Kuwamo kwake ni kama raha ya yule daktari. Safari inadaiwa.

Lakini tuseme mtoto wake ana miaka saba, naye anasoma shule hiyo hiyo. Sasa Mama Fulani angekwenda shule ile hata kama hana mteja hata mmoja. Makusudi ni mawili, na lile la nyumbani si la bahati mbaya. Hapo wako wanaoshauriana kugawanya kwa viti: watoto wanne, mmoja wangu, basi nadai robo tatu. Ushauri huo ni wa hatari. Sheria inaruhusu kugawanya gharama pale tu ambapo kuna sehemu inayojitenga wazi, ambayo yenyewe ni ya biashara tu. Viti ndani ya gari moja, njia moja, mwendo mmoja, havijitengi. Kinachojitenga ni njia. Ikiwa baada ya kumshusha mwanawe anaendelea maili 2 zaidi hadi shule nyingine kwa ajili ya mtoto wa mteja, maili hizo za ziada ni za kazi. Na siku ambayo mwanawe anaumwa au amebaki kwa bibi yake, naye akaenda shuleni kwa ajili ya watoto wa wateja tu, safari yote ni ya kazi. Ndiyo maana nasema huwezi kuamua kwa mwaka mzima. Unaamua kwa siku.

Baada ya kujua safari zipi ni za kazi, inabaki hesabu, na hesabu ina njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kiwango maalumu kwa maili. Kwa gari, ni peni 45 kwa kila maili ya kazi hadi maili 10,000 kwa mwaka, na peni 25 kwa maili zinazozidi. Kiwango hicho cha peni 45 kiliwekwa mwaka 2011, kilipopandishwa kutoka peni 40, na katika mwaka wa kodi ulioishia Aprili 2025 kilikuwa hicho hicho. Kila anayejaza fomu ya mwaka mwingine na akitazame kwanza kiwango cha mwaka huo. Ndani ya kiwango kimo kila kitu: bei ya gari, petroli, bima, matengenezo, ada ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Ukidai kwa maili, usidai tena tairi wala petroli. Unayoweza kuongeza juu yake ni ada ya maegesho na ushuru wa njia katika safari ya kazi. Kwa mfano, tangu Agosti 29, 2023 London nzima imekuwa eneo la kutoza pauni 12.50 kwa siku magari makuukuu yanayochafua hewa. Siku ambayo gari lilitoka kwa kazi tu, ushuru huo ni gharama ya kazi. Faini, iwe ya maegesho au ya kutolipa ushuru, haidaiwi kamwe, hata kama ulikuwa na watoto sita garini wakilia.

Tufanye hesabu ya Mama Fulani, katika mwaka ambao mwanawe hasomi shule ile. Shule iko maili moja na nusu. Kwenda na kurudi asubuhi ni maili 3, na alasiri maili 3. Kwa siku 190 za shule, hizo ni maili 1,140. Mara moja kwa juma anawapeleka wadogo kwenye kikundi cha michezo, maili 4 kwenda na kurudi, kwa majuma 46: maili 184. Mara mbili kwa mwezi anakwenda duka la jumla kwa mahitaji ya watoto tu, maili 10 kila safari: maili 240. Mafunzo yalimpeleka maili 36. Jumla ni maili 1,600. Zidisha kwa peni 45, unapata pauni 720. Hizo zinatolewa katika faida yake. Kwa peni 26 katika kila pauni, amepunguziwa pauni 187 na peni 20 kwa mwaka, yaani pauni 936 kwa miaka mitano. Safari yenyewe ya shuleni ni maili moja na nusu, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Njia ya pili ni ya gharama halisi. Hapa unaweka risiti zote za gari za mwaka, unajumlisha maili zote lilizokwenda, kisha unatafuta sehemu ya kazi. Tuseme petroli, bima, matengenezo na ada vilikuwa pauni 2,600, na gari lilikwenda maili 8,000. Maili 1,600 ni moja ya tano, basi anadai pauni 520, na kuongeza sehemu ya punguzo la uchakavu wa gari kwa mujibu wa sheria. Kwa gari la bei ndogo, mara nyingi njia ya kwanza ni nyepesi na ina nafuu. Kwa gari la bei kubwa linalofanya kazi sana, ya pili yaweza kushinda. Jambo la kukumbuka ni kwamba hakuna kurukaruka. Ukianza kudai kwa maili kwa gari fulani, utaendelea hivyo muda wote unaolitumia gari hilo kwa kazi. Na kama umekwisha dai punguzo la uchakavu kwa gari hilo, mlango wa maili umefungwa. Kwa hiyo piga hesabu zote mbili mwaka wa kwanza, kabla ya kuandika chochote kwenye fomu.

Aidha, kuna wale wanaoanza na wenye mapato madogo sana. Sheria inampa aliyejiajiri msamaha wa pauni 1,000 za mapato ya biashara. Anayechagua msamaha huo hawezi kudai gharama tena, ya gari wala ya maziwa. Achague kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili.

Na kwa walezi wanaopokea msaada wa serikali uitwao Universal Credit, huko hesabu ni ya kila mwezi. Kiwango ni peni 45 kwa maili 833 za kwanza za mwezi, kisha peni 25. Mama anayengoja Januari ndipo akumbuke maili zake, huko atakuwa amechelewa mara kumi na mbili.

Kabla sijafika kwenye daftari, neno moja juu ya usalama, maana kodi si yote. Bima ya kawaida ya gari la nyumbani haitoshi kubeba watoto wa kazi. Kampuni ya bima sharti iambiwe, na hati iseme kwamba gari linatumika kwa biashara. Mtu anayemwambia mtoza kodi kwamba gari ni la kazi, na kumwambia mwenye bima kwamba ni la matembezi, amejitega mwenyewe. Siku ya ajali karatasi mbili hizo zitakutana. Hali kadhalika, mtoto hukaa kwenye kiti chake maalumu hadi afike miaka 12 au kimo cha sentimita 135, kimojawapo kikitangulia. Viti alivyovinunua kwa watoto wa kazi ni vifaa vya kazi, na bei yake hudaiwa mbali na maili. Na mzazi akimlipa mlezi fedha za petroli, hizo ni mapato. Ziandikwe upande wa mapato, hata kama alizipokea mlangoni kwa sarafu.

Sasa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria haidai mashine wala mhasibu wa bei ghali. Inataka uweze kuonyesha. Daftari la mfukoni garini latosha, lenye tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kwa sababu gani, na maili ngapi. Mstari mmoja kwa safari moja, uandikwe siku ile ile. Daftari lililoandikwa kila siku lina wino tofauti tofauti, lina siku za mvua ambazo kikundi cha michezo kilifungwa, lina juma ambalo mtoto fulani aliugua. Lile lililotungwa usiku mmoja wa Januari lina maili 6 kila siku, hata siku ya Krismasi. Mkaguzi aliyezoea kazi yake halitazami mara mbili.

Kumbukumbu hizo sharti zitunzwe miaka 5 baada ya tarehe ya mwisho ya kutuma fomu. Kwa fomu iliyotakiwa Januari 31, 2026, daftari lake likae hadi Januari 31, 2031. Kwa kawaida HMRC ina miezi 12 tangu ipokee fomu kufungua uchunguzi, lakini ikigundua uzembe inaweza kurudi nyuma miaka 6, na ikiwa ni udanganyifu wa makusudi, miaka 20. Faini ya uzembe yaweza kufika asilimia 30 ya kodi iliyokwepwa. Ya kudanganya makusudi na kuficha yaweza kufika asilimia 100, yaani kulipa mara mbili, na riba juu yake. Wale wanaoambiana barazani kwamba "dai tu, hawaangalii", wajue kwamba hata wasipoangalia leo, mlango haujafungwa.

Huenda msikilizaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi akauliza: haya ya Waingereza yananihusu nini mimi? Yanakuhusu kuliko unavyofikiri. Kanuni ile ya gharama kutumika yote kabisa na kwa biashara peke yake ndiyo hiyo hiyo tuliyonayo. Imo katika kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, na imo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya. Wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa mauzo ghafi hawana la kutoa, kwa kuwa kodi yao haiangalii gharama. Lakini mwenye duka, fundi, au mama mwenye shule ya chekechea anayetoa hesabu kamili, na gari lake lina mabwana wawili kama la Mama Fulani, ataulizwa swali lile lile: safari hii ilikuwa ya nini, na umeandika wapi?

Nami nina maoni yangu katika jambo hili. Naona si haki kiwango cha maili kilichowekwa mwaka 2011 kubaki pale pale miaka 14, huku bei ya petroli, bima na vipuri vikipanda. Anayeumia si tajiri mwenye kampuni. Anayeumia ni mama anayeamka alfajiri kufungua mlango kwa mtoto wa muuguzi, ili muuguzi huyo awahi zamu. Nchi inayotaka wazazi wafanye kazi haina budi kumhesabia haki yule anayewawezesha kwenda.

Lakini wakati tukilisema hilo kwa wakubwa, mlezi mwenyewe asiache mkononi kile ambacho sheria imekwisha mpa. Kudai gharama halali si wizi wala si ujanja. Ni sehemu ya hesabu ya kodi kama vile mapato yalivyo sehemu yake. Aliyeificha gharama yake kwa hofu ametoa hesabu isiyo sahihi sawa na aliyeiongeza kwa tamaa. Tofauti ni kwamba serikali haitamfuata kumrudishia.

Basi, ndugu msikilizaji, ukimpigia simu dada yako aliye huko juma hili, mkishamaliza salamu za wazee na habari za mvua, mwulize swali moja tu: daftari la gari liko wapi? Akisema liko kichwani, mwambie akanunue la karatasi kesho asubuhi, akitoka kuwapeleka watoto shuleni. Na kama safari hiyo ya dukani ni ya vifaa vya kazi tu, basi maili zake ziwe mstari wa kwanza.